Nilisema Nimefunga

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumanne moja baada ya Pasaka, kule Mwese, siku ambayo watu walikuja kunitoa ndani kwa sababu ya sahani ya biskuti. Weka hiyo simu chini kwanza. Najua una haraka ya kunieleza habari za jirani yako wa Shanwe, yule mama aliyewaletea biskuti za tangawizi, halafu mtoto wako akaamka na homa. Nimeshazisikia. Tena nimezisikia kwa sauti yako mwenyewe, maana ule ujumbe uliourusha kwenye kundi umetembea mpaka huku Kawajense, na aliyenisikilizisha hakujua kwamba anayesema ni mjukuu wangu. Tutafika huko. Sasa nisikilize mimi.

Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujaisha. Babu yako Hamisi alinichukua Ujiji nikiwa msichana wa mjini, mwembamba, mwenye maneno mengi, akanipandisha milima ya Mwese ambako mvua ikikolea hakuna gari linalopita na matope yanakuvua viatu. Nilikwenda na sanduku moja la nguo na kopo moja la viungo alilonipa mama yangu: iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi kavu. Kulima sikujua. Jembe lilinitoa malengelenge mpaka mama mkwe akanionea huruma akaniambia nibaki nyumbani nipike. Kupika nilijua, na biskuti ndizo zilizonipatia jina pale kijijini kabla watu hawajaizoea sura yangu.

Usifikiri kulikuwa na oveni. Unatandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, unaweka sinia la biskuti juu yake, unafunika, halafu unapanga makaa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Lazima ukae hapo hapo, kwa sababu ukigeuka kusalimiana na mpita njia tu, zimeungua. Unga ulitoka Mpanda kwa kubebwa mgongoni, na samli tulipewa na majirani zetu wafugaji, familia ya Mama Kulwa.

Hao Mama Kulwa walikuwa Wasukuma waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya kijito, mkabala na shamba letu la maharage. Walikuwa bado wageni. Wenyeji waliwaangalia kwa jicho la pembeni kwa sababu ya ng'ombe na mashamba, ugomvi ambao mpaka leo unaujua. Lakini mama mkwe wangu hakuwa mtu wa jicho la pembeni. Yeye alipeleka maharage, wao wakaleta maziwa na samli, wakazoeana hivyo hivyo, ingawa Kiswahili cha Mama Kulwa kilikuwa bado cha kuokoteza. Alikuwa na mapacha wa kama miaka mitano, Kulwa na Doto.

Na kijiji kilikuwa na desturi yake, nzuri sana, ambayo naona nyie mnaiua. Kila sikukuu sahani zilitoka nyumba hii zikaingia nyumba ile. Krismasi na Pasaka Wakristo walituletea sisi, Idi sisi tuliwapelekea wao. Hakuna aliyekula visheti vyake peke yake.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia juu ya Pasaka. Wenzetu wanasherehekea, sisi tumefunga. Kabla ya Pasaka kufika, Hamisi alimpeleka mama yake hospitali Mpanda kutazamwa macho, na mvua ikawafungia huko. Nikabaki peke yangu kwenye nyumba ya nyasi. Mama mkwe alikuwa ameniachia agizo moja tu: "Pasaka ikifika, usingoje Idi, peleka kitu kwa Mama Kulwa. Wametunywesha maziwa yao mvua nzima."

Basi Jumapili ya Pasaka nikakanda. Mama Tekla, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mbende wa hapo hapo Mwese, alipotoka kanisani alikuja kunisaidia kutwanga viungo. Zilipotoka za kwanza nikampa moja. "Nionjee sukari, mama, mie nimefunga," nikamwambia. Akaonja. Akaonja na ya pili, eti ya kwanza hakuisikia vizuri. Ya tatu akaifunga kwenye pindo la khanga, ya Tekla. Tulicheka. Kumbuka hapo, mwanangu, kwamba Mama Tekla alikula, na alijua kwa nini mimi sikula.

Jioni jioni nikavuka kijito na sahani yangu, nimeifunika kitambaa cheupe. Mama Kulwa alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kigoda. Kisha akafunua sahani, akachukua biskuti moja akaninyooshea.

"Onja kwanza," akasema.

Sikujua maana yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwao aliyeleta chakula ndiye anayetia mdomoni kwanza, mbele ya wenye nyumba, ili wale kwa amani. Mimi nilidhani ananikaribisha tu. Nikamrudishia kwa tabasamu.

"Nimefunga."

"Umefunga?"

"Ndiyo, nimefunga. Kuleni nyie."

Nikasimama. Jua lilikuwa linazama, na futari yangu bado haijawa tayari, kisamvu hakijatwangwa. Nilimwona Mama Kulwa amebaki na ile biskuti mkononi, ananiangalia, lakini sikurudi. Nilikuwa na haraka ya tumbo langu. Hayo ndiyo niliyoyafanya, hakuna zaidi.

Jumatatu mvua ilinyesha kutwa, sikutoka. Jumanne asubuhi nikashuka kijitoni na ndoo. Wanawake walikuwepo, wanazungumza, na nilipotokea wakanyamaza. Nikasalimia. Aliyeitikia ni mmoja, tena kwa kuguna. Mwingine akavuta ndoo yake karibu na miguu yake, kama vile mimi ni kuku mgonjwa. Mama Tekla alikuwa pale. Nikamtazama yeye, kwa kuwa ndiye mtu wangu. Akajitwika ndoo ikiwa bado haijajaa akaondoka.

Mwanangu, hofu ya namna ile ni mbaya kuliko ya mnyama. Mnyama unamwona. Mimi nilirudi nyumbani nikijikagua mwenyewe, nimemkosea nani, nimevaa vibaya, nimepita shamba la mtu. Sikupata jibu. Nikajifungia ndani, nikasali, nikakaa kwenye mkeka nikisikiliza kila mguu unaopita njiani.

Mchana ulipoanza kupoa nikasikia miguu mingi. Haikupita. Ilisimama mlangoni.

"Fungua!"

Nilifungua. Walikuwa wanaume na wanawake, wenyeji na wafugaji pamoja, watu ambao wiki nzima hawakai benchi moja. Mbele yao alisimama Baba Kulwa na fimbo yake ya kuchungia, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Yeye hakupiga kelele. Alisema taratibu, na ule utaratibu wake ulinitisha zaidi.

"Wewe ndiye uliyemwambia mke wangu kwamba umefunga?"

"Ndiyo," nikasema. Ningesemaje? Ni kweli nilisema.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Si mnaona? Hata hakatai."

"Na sasa?" Baba Kulwa akauliza. "Bado umefunga?"

"Bado nimefunga."

"Basi fungua. Nakuomba. Fungua sasa hivi."

Mimi msichana wa Ujiji, nimelelewa madrasa, naona mtu asiyejua dini yangu ananilazimisha nile mchana. Nikapandwa na hasira katikati ya ile hofu. Nikamjibu kwa kiburi kabisa, "Siwezi. Mie sifungui mpaka jua lizame."

Unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Walirudi nyuma wote, hatua moja, kwa pamoja. Kijana mmoja akasema nyumba yangu ni ya nyasi, itawaka hata ikiwa na maji ya mvua. Mwingine akamwambia asubiri, kwanza nipelekwe kwa mtoto nifungue, nikikataa ndipo. Ndipo nini, hakumalizia.

Ndipo nikapata kuelewa kwamba kuna mtoto. Doto alikuwa amevimba tumbo. Tangu usiku wa Jumatatu analia, hajapata choo, haongei. Amefunga choo. Na mama yake alipokwenda kijitoni akilia, akasema kwa Kiswahili chake kile kwamba yule bibi harusi alimpa biskuti akakataa kuonja, akasema "nimefunga". Hakusema zaidi ya hapo. Wenye Kiswahili chao ndio waliommalizia. Amefunga nini, kama si tumbo la mtoto? Ameolewa karibu mwaka mzima hajapata mimba, ataachaje kumwonea wivu mwenye mapacha? Na lile kopo la dawa alilotoka nalo Ujiji mmeliona? Kopo langu la iliki, mwanangu. Neno lilitoka kwa Mama Kulwa likiwa moja, likarudi kwake likiwa kesi nzima.

Wakanivusha kijito. Sikuburutwa, nisije nikawasingizia watu. Walitembea mbele na nyuma yangu, na kila nilipoteleza kwenye tope hakuna aliyenipa mkono. Nilitaka kusema, lakini kila nilipofungua kinywa mtu alisema, "Mnyamazisheni, asije akaongeza lingine." Nikanyamaza kwa woga, kisha nikanyamaza kwa hasira, nikajiambia kama wameshaamua basi waamue. Huo nao ulikuwa ujinga wangu, nitakwambia.

Kwenye boma, kilio cha Doto kilisikika tangu zizini. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyechoka kulia. Mama Kulwa alikuwa amekaa kizingitini, kaniona, akafunika uso. Biskuti zangu zilikuwa zimefungwa ndani ya kile kitambaa changu cheupe, zimening'inizwa kwenye nguzo nje ya nyumba, hakuna aliyethubutu kuzigusa wala kuzitupa. Nilipoiona ile sahani tupu chini ya nguzo, machozi yakanitoka. Nilizipika kwa samli ya nyumba ile ile.

"Fungua," wakasema tena. "Ingia umfungue."

Nilisimama pale katikati ya watu, sijui nifanye nini. Nikiingia na mtoto akafa mikononi mwangu, nimekwisha. Nisipoingia, nimekwisha vilevile. Mama Tekla alikuwa kwenye kundi. Nikamwangalia usoni. Alikuwa ameshika pindo lake la khanga, lile lile, akaangalia chini.

Ndipo akatokea Bibi Nyamizi.

Alikuwa mama yake Baba Kulwa. Aliishi kwa mwanawe mwingine nyuma ya kilima, na walikuwa wamemtuma mtu amwite aje amwone mjukuu kabla mambo hayajaharibika kabisa. Bibi mfupi, gauni limelowa mpaka magotini, pumzi zinamkimbia. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati yetu akaingia ndani. Tulimsikia akizungumza na mtoto Kisukuma, polepole. Akakaa huko muda mrefu, watu wakaanza kunong'ona. Alipotoka akamuuliza mkwewe.

"Mtoto alipata choo lini mara ya mwisho?"

Mama Kulwa akafikiri. "Ijumaa. Ijumaa asubuhi."

"Na hizo biskuti zililetwa lini?"

"Jumapili."

Bibi Nyamizi akageukia watu. "Mimi sijasoma. Nyie mliosoma niambieni, Ijumaa inatangulia Jumapili, au Jumapili inatangulia Ijumaa?"

Kijana mmoja, yule wa nyumba ya nyasi, akasema, "Lakini bibi, mwenyewe amekiri. Amesema amefunga."

"Amefunga nini?"

"Amefunga tu. Alisema nimefunga."

"Nauliza amefunga nini. Mimi ng'ombe nafunga. Mlango nafunga. Kuni nafunga. Shule inafunga, mpira mnafunga. Mlimuuliza yeye amefunga nini?"

Walikuja kijiji kizima mlangoni kwangu, na kweli, hilo hawakuniuliza.

Akanijia. Alinishika mkono, mkono wake una baridi ya mvua. "Mjukuu wangu, umefunga nini?"



"Ramadhani, bibi," nikasema. "Nimefunga Ramadhani. Sijala tangu alfajiri. Na Jumapili nilikuwa sijala, ndiyo maana sikuonja. Kufungua ni jua likizama."

Mtu nyuma akasema naweza kuwa natunga, kwani sikukuu ya Pasaka nani anafunga. Bibi Nyamizi akawatazama wenyeji. "Sisi ni wageni hapa. Nyie mmekua na watu wa nyumba yake. Wanafunga, hawafungi?"

Walijua, mwanangu. Kila mmoja wao alijua. Kila mwaka walituona hatupiki mchana, watoto wao walikuja kula futari kwetu. Walijua na wakasahau kwa sababu mtoto analia na wenzao wanasema. Nikaangalia nyuso zile moja moja, zikainama. Halafu nikasikia sauti ya Mama Tekla.

"Wanafunga," akasema. Akapita mbele huku analia. "Na zile biskuti mimi nilizionja. Aliniomba nimwonjee sukari kwa kuwa amefunga. Nilikula mbili, Tekla akala moja. Viungo nilitwanga mwenyewe. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtasema nilitwanga dawa."

Bibi Nyamizi alimgeukia. "Ungeendelea kuogopa," akamwambia, "kesho tungekuwa tunamzika mtu." Akaacha hapo. Sijawahi kusikia mtu akikemewa kwa maneno machache vile akakemewa vya kutosha.

Kisha akauliza nani anachunga na Doto. Kulwa akasukumwa mbele, akasema bila kujua uzito wake kwamba Doto alikuwa anashinda kwenye mipera ya bondeni, anakula mapera mabichi na mbegu zake zote, wiki nzima. Basi bibi akaagiza maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo na kipande cha sabuni, akaingia ndani na mkwewe, akatufungia mlango.

Nimekaa kwenye misiba, nimekaa nje ya chumba cha kujifungulia, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Maana mtoto hajapona, na watu hawajaondoka. Baba Kulwa alichuchumaa karibu yangu, fimbo chini. Kijiji kizima, wazee kwa vijana, tumesimama kwenye tope kusubiri mtoto mdogo aende haja. Jua likawa jekundu kule juu ya vilima. Doto alilia kwa nguvu mara moja, kisha kimya. Baba yake akasimama. Mimi nikaanza kuisoma shahada kimoyomoyo.

Mlango ukafunguliwa, Mama Kulwa akatoka amebeba ndoo, uso umelowa, anacheka na kulia pamoja. Hakuhitaji kusema. Wanawake wakapiga vigelegele, wale wale wa kijitoni. Ndani tukamsikia Doto anaomba maji.

Baba Kulwa akaniwekea fimbo yake miguuni, akaenda kumwona mwanawe. Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Bibi Nyamizi alikuja akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Nilitegemea anibembeleze. Alinikemea.

"Na wewe," akasema. "Mkwe wangu alikwambia onja, ukasema neno moja ukaondoka. Uliona hakuelewa?"

"Niliona alinishangaa."

"Ukaenda?"

"Niliwahi futari."

"Leo walipokuja, ulisema Ramadhani?"

"Hapana, bibi. Nilikasirika."

"Unaona sasa. Umeletea watu chakula kizuri, neno la kukielezea ukalibakiza mdomoni. Wao wana kosa lao, nitawapa lao. Hili ni lako. Kwa mtu asiyekujua, kaa kidogo. Mweleze. Akishangaa, mweleze tena."

Lilinichoma, kwa kuwa siku ile mimi ndiye niliyeonewa, na bado alikuwa na haki. Akaangalia vilima.

"Jua limezama?" akaniuliza.

"Limezama, bibi."

Akanyanyuka, akakishusha kile kitambaa cheupe kutoka kwenye nguzo, akakifungua mbele ya watu wote. Biskuti zilikuwa zimelegea kwa unyevu, lakini harufu ya iliki bado ipo. Akaivunja moja, nusu akanipa. "Basi fungua."

Nikafungua Ramadhani yangu kwa biskuti ile, kwa maziwa ya Mama Kulwa, nimekaa kwenye tope. Na kwa kuwa mimi niliyeleta nilikuwa nimeonja, wao nao wakala. Baba Kulwa alikula. Yule kijana wa nyumba ya nyasi alikula, akaomba nyingine, na mimi nikampa, ingawa moyoni nilimtukana. Mama Tekla hakusogea mpaka nilipomwita mwenyewe. Urafiki wetu ulirudi, lakini ulichukua muda, na kuna kitu ndani yake hakikurudi kamwe.

Huyo Doto unamjua. Ndiye Anko Doto anayeshuka na pikipiki kila mwezi na dumu la samli, unayetaniana naye kuhusu tumbo lake. Sasa unajua utani wa wazee unatoka wapi.

Turudi Shanwe. Jirani yako, mama wa watu, Kirundi ndicho alichozaliwa nacho, amekuletea biskuti akasema mtoto akila hizi atalala moja kwa moja. Mtoto akaamka na homa. Hospitali wamekwambia malaria, dawa mmepewa, anaendelea vizuri. Lakini kabla ya hospitali wewe ulishasema kwenye simu kwamba amemtakia mwanao kulala moja kwa moja, na watu wameshamalizia, kama wale wa kijitoni. Nasikia tangu juzi mama yule hafungui mlango. Mtu akiwa ndani, amefunga, na nje watu wanasema, mimi najua anachosikiliza. Anasikiliza miguu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike. Ukisikia neno limekuja vibaya, mrudie aliyelisema umuulize maana yake, kabla hujalipeleka kwa mtu wa pili. Ukiwa wewe ndiye msemaji, usimwachie mgeni neno nusu. Na ukijua ukweli wa mtu wakati watu wanamzunguka, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu ukweli wa kesho yake ni wa matanga. Jirani ni yule ambaye sahani yako inajua njia ya kwake. Usiikatize njia hiyo kwa simu.

Kwenye meza kuna biskuti nimekupikia tangu asubuhi, za iliki na mdalasini, kwa samli ya Doto. Zichukue. Nenda kwake leo, na lile kundi uliambie leo kwamba ni malaria, kwa sauti ile ile uliyotumia. Akifungua mlango, onja kwanza mbele yake, kisha mpe sahani, ukae. Muulize kulala moja kwa moja ni kulala gani. Halafu msikilize mpaka amalize.

Nenda mwanangu. Mungu akufunge ulimi pale unapotaka kukimbia, akufungulie masikio, na mlango wa jirani yako usiwahi kufungwa kwa sababu yako. Amina. Na sahani yangu uirudishe.